Mtoto Niliyemtunga

Shuleni kwetu wananiita Kiberiti. Wanafunzi wanadhani sijui, walimu wenzangu wananiita hivyo machoni pangu, na mume wangu, ambaye ni fundi cherehani na mtu mpole kupita kiasi, alianza kuniita hivyo hata kabla hajaleta posa. Nawaka haraka, nazima haraka. Nimefundisha hesabu darasa la nne kwa miaka ishirini na miwili, katika chumba kilekile chenye ubao uliopasuka pembeni na dirisha lisilofungika, na miaka yote hiyo aibu nilikuwa nawagawia wengine. Kuipokea sikuzoea. Kwa hiyo nitasema upesi kabla sijaghairi: nilitunga mtoto. Si kuzaa, kutunga. Na mtoto wangu wa uongo akamfukuza shule mtoto wa kweli.

Haya yalianzia kwenye simu. Kuna kundi la walimu wa hesabu mtandaoni, tuko kama mia tatu, wengi hatujawahi kuonana. Linaitwa Jungu Kuu. Mtu akiandaa somo zuri analiweka humo, mwingine analichukua, anapunguza hapa, anaongeza pale, anaenda kulifundisha kwa watoto wake. Aliyelianzisha ni mwalimu mstaafu tunayemwita Bibi Chaki. Mgongo wake ulikubali kustaafu, mdomo ukakataa.

Sasa, andalio la somo ni karatasi ambayo mwalimu anaiandika kabla ya kuingia darasani: atafundisha nini, kwa zana gani, kwa dakika ngapi. Chini kabisa kuna nafasi ya maoni, ya kujazwa baada ya kipindi. Na hapa niseme ukweli ambao kila mwalimu ninayemjua ataukana: tunaijaza asubuhi. "Somo limeeleweka." Mkaguzi akija saa mbili anakuta somo la saa nne limeshaeleweka.

Bibi Chaki alilichukia neno hilo kama nini. Ndiyo maana akaweka sharti lake. Ukichukua andalio Jungu Kuu, ukishalifundisha, lazima urudishe ukoko. Ndivyo tulivyouita, maana jungu kuu halikosi ukoko. Ukoko ni mistari mitatu: ulibadilisha nini, nini kiligoma, na mtoto gani alibaki nyuma. Mwisho Ijumaa jioni. Asiyerudisha mara tatu anatolewa, awe mwalimu mkuu, awe nani. "Siwataki wanaokula na kuondoka," alikuwa akisema. "Nataka nijue chini kuliungua wapi."

Mara ya kwanza nilichukua somo la sehemu: nusu, robo, robo tatu. Watoto wanakunja karatasi, wanapaka rangi, wanaona kwa macho yao. Lilinipendeza mno. Mume wangu akanikatia vipande sitini na moja, kwa idadi ya wanafunzi wangu, kutoka kwenye karatasi zake za kukatia mitindo. Vikakaa kwenye mkoba tangu Jumatatu. Jumanne kikao, Jumatano mvua ikaingia kwa lile dirisha, Alhamisi nimechoka kama punda wa kukodi. Nikaandika ubaoni kutoka kitabu cha zamani, wakanakili, kengele ikalia, yakaisha.

Ijumaa nikakumbushwa ukoko. Nikaketi ofisi ya walimu, nikaandika kwamba nimelifundisha. Nilibadilisha: karatasi za fundi cherehani badala ya karatasi za daftari. Kilichogoma: rangi hazikutosha. Mpaka hapo ungeweza kusema ni kauongo kadogo tu. Lakini kulikuwa na mstari wa tatu, mtoto aliyebaki nyuma, nami sikuwa na mtoto, kwa sababu sikuwa na somo. Nikaandika: "Nina binti mmoja, haongei kabisa. Alikunja karatasi yake vizuri kuliko wote, nikamuuliza ni sehemu gani, akanitazama tu."

Jamani, sifa! Kufika saa ya kwenda nyumbani kulikuwa na makofi na mioyo mpaka simu ikapata joto. "Mwalimu mwenye jicho." "Hivi ndivyo tunavyotakiwa kuwaona watoto." Bibi Chaki mwenyewe, ambaye kumsifu mtu kwake ni kama kung'olewa jino, akaandika: "Huu ndio ukoko." Miaka ishirini na miwili darasani, na hakuna aliyewahi kuniambia nina jicho. Walikuwa wananiambia nina sauti.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilitia mtungi mzima. Masomo sita mengine niliyachukua, yote sita sikuyafundisha, na kila Ijumaa nikarudisha ukoko mtamu kuliko wali wenyewe. Yule binti akapata jina, Binti Kimya. Watu wakaanza kumuulizia: hajambo? Ameandika nini wiki hii? Mwingine alibadilisha andalio lake la vipimo kwa ajili yake, akaweka sehemu ya kuonyesha kwa mikono. Nilikuwa nikitunga huku natabasamu, mume wangu anakanyaga cherehani pembeni.

"Huyo mtoto anakaa dawati la ngapi?" aliniuliza siku moja.

"Shona suruali za watu wewe," nikamwambia.

Akashona. Lakini hakuniuliza tena habari za shule kwa wiki nzima, nami nikajua kwa nini, nikajifanya sijui.

Kila hadithi inataka mwisho, na mimi nikampa Binti Kimya mwisho wake. Niliandika kwamba nimemsimamisha mbele ya ubao, nikamwambia hatakaa mpaka ajibu. Darasa kimya. Dakika moja, mbili, tano. Mimi natazama saa, simhurumii, maana huruma nyingine ni dharau. Kisha akafungua mdomo akasema, "Robo tatu." Darasa zima likalipuka kwa makofi. Nikaandika hata machozi yangu. Machozi! Mimi, ambaye nilizika mama mzazi nikigombana na wapishi.

Siku ile kundi zima lililia pamoja nami. Ndipo nilipoanza kulala vibaya, lakini sikufanya kitu.

Kulikuwa na mwalimu mmoja mgeni kazini, mwaka wake wa kwanza, tulimwita Chipukizi. Alikuwa anauliza kila kitu, anapiga picha ubao wake kutuonyesha kama mwandiko unasomeka. Mimi aliniita Dada Mkubwa. Siku ya Jumatano, wiki mbili baada ya robo tatu yangu, nimesimama mlangoni mwa ofisi ya walimu na kikombe cha chai, ujumbe wake ukaingia, kwangu peke yangu, si kundini.

"Shikamoo Dada Mkubwa. Samahani kwa usumbufu. Mimi pia nina binti asiyeongea. Nilifuata ulivyofanya. Nilimsimamisha, nikamwambia hatakaa mpaka ajibu, nikatazama saa. Dakika tano zikapita. Nikasema labda wangu anahitaji zaidi. Dakika ya nane akajikojolea mbele ya wenzake. Wakacheka. Leo ni siku ya sita hajaja shule. Najua kuna mahali nilikosea. Wewe dakika tano zilipopita ulifanya nini? Nisaidie nijue kosa langu."

Angenitukana ningejua la kujibu. Matusi nayaweza. Lakini alikuwa ananiomba samahani mimi. Chai ikanimwagikia kidoleni wala sikusikia moto wake, nilisikia tu uso unavyochemka, kama vile ofisi nzima imesoma. Hakuna aliyesoma. Mwalimu wa michezo alikuwa anatafuta filimbi yake.

Na unajua nilimjibu nini? "Marahaba mdogo wangu. Usijilaumu. Mpe muda, watoto husahau." Hivyo hivyo. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, mtoto wa watu yuko nyumbani, na mimi nikaongeza uongo mwingine juu ya ule wa kwanza ili niendelee kuitwa Dada Mkubwa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote mpaka leo. Ule wa kwanza ulikuwa upuuzi. Huu ulikuwa ubaya.

Kesho yake akapiga simu Bibi Chaki.

"Kiberiti mwanangu, natengeneza kijitabu cha ukoko bora. Binti Kimya anakaa ukurasa wa kwanza."

"Bibi, si lazima..."

"Nyamaza nimalize. Nataka nimsikie kwa masikio yangu huyo mjukuu. Mrekodi aniamkie tu. Shikamoo Bibi, basi, nitatosheka."

Nilipaswa kusema palepale. Badala yake nilisema, "Sawa Bibi," na wakati wa mapumziko nikasimama mbele ya darasa langu kutafuta sauti ya kuazima. Ndiyo, nimefika huko. Wengi walikuwa wametoka kucheza. Nyuma kabisa, kwenye dawati la dirisha lisilofungika, walibaki wasichana wawili. Mmoja mwembamba, amekaa kwa utulivu. Nikaona huyu hatanisumbua. Nikamwita mbele, nikawasha simu irekodi.

"Sema, Shikamoo Bibi."

Akanitazama.

"Shikamoo Bibi. Rahisi tu. Haya."

Mdomo ulifunguka kidogo, ukafunga. Nikaona mapumziko yanaisha, nikawaka. "Sema basi! Sema! Huna mdomo?" Akarudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa ubao, mikono yote miwili imeshika sketi. Ndipo mwenzake akaropoka kutoka nyuma:

"Mwalimu, huyo haongei. Tangu darasa la tatu."

"Haongei namna gani? Na nikiita mahudhurio?"

"Huwa ananyoosha mkono."

Nimekuwa nikiita mahudhurio tangu mwaka uanze nikiwa nimeinamia rejista. Najua kuandika tiki bila kuangalia, na nilikuwa najisifu kwa hilo, dakika tatu watoto sitini na moja. Binti Kimya wangu nilimtunga nikiwa nimekaa hatua arobaini kutoka kwa huyu. Nilikuwa nikimtungia daftari, karatasi, macho, na mwenye macho yuko pale ananyoosha mkono kila asubuhi. Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, ni simenti.

Nikamwambia aende kucheza. Hakwenda, alirudi dawatini kwake. Simu ilikuwa bado inarekodi. Nilipoisikiliza chooni, maana sikuwa na mahali pengine pa kujificha, ilikuwa sauti yangu peke yake: sema, haya, sema basi, huna mdomo. Hizo hazikufika hata dakika moja. Nikafikiria dakika nane.

Ijumaa ile nilirudisha ukoko kama kawaida. Niliandika kwa mistari mitatu kwa sababu sikujua namna nyingine.

"Nilichobadilisha: kila kitu. Masomo saba niliyorudisha hapa sikuyafundisha hata moja. Kilichogoma: mimi. Mtoto aliyebaki nyuma: Binti Kimya hayupo, nilimtunga. Aliyebaki nyuma ni mwanafunzi wa kweli wa mwalimu mmoja wetu, aliyefuata uongo wangu. Mwalimu huyo hakukosea popote."

 Maneno yakaanza. "Niliwasimulia wanafunzi wangu habari zake." "Mtu mzima ovyo." "Na mimi wangu nilitaka kumsimamisha Jumatatu." Hilo la mwisho nililisoma mara tatu. Bibi Chaki hakuandika kitu hapo. Alinitoa kundini. Baadaye akanitumia ujumbe mmoja tu: "Nililia kwa ajili ya mtoto yule, tena mimi si mtu wa kulia." Sijamjibu mpaka leo.

Chipukizi alisoma, alama zilionyesha amesoma.  Jumapili asubuhi simu ikalia. Sikuwahi kusikia sauti yake. Ilikuwa ya kitoto kuliko nilivyodhani.

"Kwa hiyo hakuna aliyeweza?" aliuliza. Hata salamu hakutoa.

"Hakuna."

"Hata kidogo? Hata kama si robo tatu?"

"Mdogo wangu, hakuna mtoto. Hakuna kitu."

Nilimsikia anavuta pumzi. Akaniambia kwamba alikuwa amekwenda nyumbani kwa yule binti mara mbili. Mara ya kwanza alimsimulia habari za Binti Kimya, akadhani anamtia moyo: kuna mwenzako kama wewe, aliweza. Binti akachukua daftari akamwandikia mama yake: mwenzangu aliweza, mimi nimeshindwa. Tangu siku hiyo sare haigusi.

"Niko hapa mlangoni kwao sasa hivi," akasema. "Mama yake ananitazama. Nimwambie nini binti? Nikimwambia yule mwenzako ni uongo, atajua nami ni mwongo."

"Wewe si mwongo. Weka sauti kubwa. Nitasema mimi."

"Utasema nini?"

Nilibana simu sikioni. Nilisikia viatu, mlango, sauti ya mwanamke ikisema karibu, kiti kikivutwa. Chipukizi akasema, "Yuko hapa, anakusikia." Kwetu cherehani ilikuwa imesimama. Mume wangu ameacha kukanyaga, hageuki.

Mimi sijawahi kumwomba mtoto msamaha, hata niliyemzaa mwenyewe. Nilikuwa nikikosea nampikia anachopenda, tunaelewana. Sasa nikaanza, na sauti yangu, ile wanayoisikia mpaka lango la shule, ikatoka kidogo kama ya mgonjwa.

"Mwanangu, hunijui. Mimi ndiye mwalimu niliyesema kuna mtoto alisimama mbele akajibu. Huyo mtoto hayupo. Nilidanganya ili watu wanisifu. Hakuna mwenzako aliyekushinda. Hakuna mtu aliyewahi kusimama pale akaweza; wewe ndiye uliyesimamishwa kweli, dakika nane, na mimi ndiye niliyekusimamisha, si mwalimu wako. Nimekukosea. Nisamehe."

Halafu nikasubiri jibu. Mjinga mimi! Nimekaa na simu sikioni nasubiri mtoto asiyeongea anijibu, mpaka nikaelewa ninachofanya, na aibu ikanishika upya mwili mzima. Mama yake ndiye aliyesema, kwa mbali, "Amesikia." Hakusema amesamehe. Simu ikakatwa. Mume wangu akaniletea maji, akaweka mezani, akarudi kwenye suruali yake.

Jumatatu mchana Chipukizi aliandika. "Leo darasani wako wote arobaini na tisa. Amekaa karibu na mlango na rafiki yake. Sijamuuliza kitu." Hakuniita Dada Mkubwa, na hajaniita hivyo tena. Nilitaka kumwekea makofi, kidole kikafika pale pale kwenye alama, nikakiondoa.

Vile vipande vya karatasi vilikuwa bado kwenye mkoba, vimekunjamana pembe. Jumanne nikavitoa, nikaviweka mezani, nikafungua rejista. Niliita taratibu. Jina, nainua macho, namtazama mwenye jina, ndipo naandika. Watoto wakaanza kutazamana, maana Kiberiti leo ana nini. Ilichukua dakika kumi na moja. Nilipofika kwa yule wa dirishani niliinua macho, na mkono wake ulikuwa umeshanyooka, hata sijamaliza kutaja jina.